Timu Iliyopoteza Jina Lake

Kama wengi wajuavyo, muhula huu timu mbili za mabweni yetu zimeunganishwa zikawa timu moja. Mimi nilikuwa nahodha wa ile iliyopoteza jina lake, wala sikuificha hasira yangu. Nilisema mbele ya wenzangu ya kuwa timu ikinyang'anywa jina imekwisha kufa.

Basi Jumamosi moja nilipokwenda Kamembe nilimkuta dereva mmoja, mzee wa Kenya, akingoja kuvuka na lori lake kwenda Bukavu. Tuliongea habari za mpira. Nikamwuliza, "Mzee, wewe ni mtu wa timu gani?" Akacheka kidogo, akasema, "Kijana, timu yangu haipo tena. Ilikuwa ikiitwa Luo Union." Jibu hilo halikunitoka moyoni. Nikatafuta habari za timu hiyo, na leo napenda kuwaeleza wasomaji.

Luo Union ilikuwa timu ya Wajaluo wa Kenya, na jina lake lilikuwa lile lile la chama chao cha kusaidiana. Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka 1963. Mwaka wa pili tu, yaani 1964, Luo Union ikatwaa ubingwa. Waluhya nao walikuwa na timu yao, Abaluhya, iliyopatikana kwa kuunganisha timu zao ndogo ndogo.

Mwaka 1968 wakubwa wa mpira wa Wajaluo waliona ni hasara kugawana wachezaji. Kwa hiyo Luo Union iliunganishwa na Luo Stars, ikazaliwa timu mpya, Gor Mahia, iliyopewa jina la mganga mashuhuri katika hadithi za Wajaluo. Mwaka ule ule Gor Mahia ikawa bingwa wa Kenya. Lakini muungano haukuwaridhisha watu wote. Wengine walijitenga, na jina la Luo Union likarudi uwanjani.

Msidhani ya kuwa lilirudi kwa aibu. Luo Union ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1975. Mwaka 1976 ilikwenda Kampala kushindania kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati, ikaishinda Young Africans ya Dar es Salaam katika mchezo wa mwisho. Mwaka 1977 ikalitwaa tena kombe hilo huko huko Dar es Salaam, mbele ya Horseed ya Somalia.

Kisha ukaja mwaka 1980. Serikali ya Rais Daniel arap Moi iliamuru ya kuwa vyama na timu zisiitwe tena kwa majina ya makabila. Sisi Wanyarwanda, ambao wazee wetu waliyaona mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, hatuwezi kulidharau neno hilo. Abaluhya ikageuka kuwa AFC Leopards. Jina la Gor Mahia lilikuwa la mtu, si la kabila. Luo Union ikaitwa Reunion.

Sasa tazameni yaliyofuata. AFC Leopards, ingawa ilipoteza jina, ilitwaa kombe la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Gor Mahia ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987. Reunion haikuwa bingwa wa Kenya tena hata mara moja. Ilififia, ikashuka daraja, ikazimika.

Kwa nini timu mbili zipoteze majina, moja iishi na nyingine ife? Mimi naona sababu ni hii. Waluhya hawakuwa na timu nyingine kubwa ya kuikimbilia, kwa hiyo waliifuata timu yao chini ya jina jipya. Wajaluo walikuwa na nyumba mbili. Jina la nyumba moja lilipofutwa, mlango wa ile ya pili ulikuwa wazi, na watu wakaingia humo. Jina halikuiua Luo Union. Iliuawa na viti vitupu.

Nilipofika hapo niliona haya. Tangu timu zetu ziunganishwe nilikuwa nimesimama kando, nikiwashawishi wengine wasiende mazoezini. Kumbe mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiiua timu! Watu wanaokwenda Kamarampaka kwa ajili ya Espoir hawaendi kushangilia herufi sita. Huwaendea vijana wa Rusizi walio uwanjani.

Basi Jumatatu nilivaa viatu nikaenda mazoezini, nikacheza beki chini ya nahodha mwingine. Nawaomba na ninyi, kaka zetu mliomaliza zamani, msiulize tena ni nani aliyelifuta jina lenu. Njoni mtutazame tukicheza. Na mwenye picha au orodha ya wachezaji wa timu ya zamani, ailete tuitie katika maktaba, ili atakayeuliza kesho asilazimike kumngoja dereva wa lori.