Timotheo alikuwa mtoto wa nani?



Wakati wa mvua tulizika hapa Kalemie mama mmoja mjane, aliyekuwa shemasi katika kanisa letu kwa miaka mingi. Binti yake wa kwanza alifika kutoka Marekani siku moja tu kabla ya mazishi. Huyu dada alivuka ziwa mwaka 1998, akiwa na miaka saba, vita vilipotukuta mara ya pili. Alikulia katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, akaolewa kule, na kutoka kule yeye na mume wake wakapelekwa Marekani. Mama yake alirudi Kalemie.

Siku ya tatu ya kilio, familia ilikaa kuzungumza juu ya kiwanja alichoacha marehemu. Dada aliomba neno. Mjomba wake akamkata: «Weye ulishakuwa Mumarekani. Mambo ya Wakongomani utuachie sisi.» Mwingine akaongeza kwamba hata Kiswahili chake ni cha Tanzania. Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza, kwa sababu dada alikuwa analia. Mimi mchungaji nilikuwa nimekaa pale, Biblia magotini, na sikusema kitu. Ukweli ni kwamba sikujua sheria inasema nini, tena sikuwa nimefikiri sana juu ya jambo lenyewe. Tangu siku ile nimesoma, na haya ndiyo niliyopata.

Kwanza sheria, kwa kuwa wengi wetu tuna mtoto, ndugu au shemeji ng'ambo. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 10, inasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja na haushirikiani na mwingine wowote. Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema vilevile, na inaeleza matokeo yake: Mkongomani akichukua uraia wa nchi nyingine, anapoteza ule wa Kongo. Serikali ya Marekani haimnyang'anyi mtu pasipoti yake ya Kongo anapokula kiapo. Ni sheria yetu sisi inayomtoa. Kwa hiyo wako wengi wanaotembea na pasipoti mbili mfukoni, na hawajui (au wanajua na kunyamaza) kwamba moja haina nguvu tena mbele ya sheria. Msifikiri ni wakimbizi tu. Mwaka 2007 Bunge la Taifa lilikuta kwamba kati ya waheshimiwa wapya wako wenye uraia wa nje, likawapa muda wa kurekebisha hali zao. Mkubwa alipewa muda. Binti wa shemasi alikatwa neno kwenye kilio cha mama yake.

Sheria hiyohiyo ya 2004 ina mlango wa kurudi. Aliyekuwa Mkongomani kwa asili anaweza kuurudia uraia wake kwa kutoa tamko, akionyesha kwamba bado ana uhusiano na nchi: wa familia, wa kazi, wa utamaduni. Lakini akirudi, kanuni ya uraia mmoja inamngoja palepale mlangoni.

Na ardhi? Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo ni wa serikali, na haki ya kukaa juu yake bila mwisho wa muda hupewa Mkongomani peke yake. Mgeni anaweza kupewa haki ya muda, hadi miaka 25, inayoweza kuongezwa. Kwa hiyo mjomba hakuwa amekosea yote. Lakini alichanganya mambo mawili. Jina la kuandikwa kwenye hati ya kiwanja ni jambo moja. Nani ni mtoto wa marehemu ni jambo lingine, na Sheria ya Familia inaweka watoto katika kundi la kwanza la warithi, mbele ya wajomba. Nadhani mjomba alilijua hilo.

Hapa Kalemie, ukitaja neno uraia, haupiti dakika mbili kabla mtu hajataja jina la Moïse Katumbi. Mimi sifanyi kampeni ya mtu. Namtaja kwa sababu mazungumzo yetu yanamtaja. Baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi kutoka kisiwa cha Rhodes, aliyefika Katanga kabla ya Vita Kuu ya Pili akafanya biashara ya samaki upande wa ziwa Mweru. Mtoto alizaliwa Kashobwe mwaka 1964. Aliongoza jimbo la Katanga, ambalo Kalemie yetu ilikuwa ndani yake, kuanzia 2007 hadi 2015. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba tangu mwaka 2000 hadi mwanzo wa 2017 aliandikwa kuwa raia wa Italia, na mwezi wa nane mwaka huo alizuiwa mpakani Kasumbalesa asiingie kuweka ugombea wake. Mwaka 2021 ukaletwa bungeni mswada uliotokana na mawazo ya Noël Tshiani, kwamba Rais awe mtu wa baba na mama Wakongomani wote wawili. Mwaka 2023 Mahakama ya Katiba ilikubali ugombea wake, akapiga kampeni, akashindwa. Hayo yote mmeyafuata kwenye redio.

Lililonishtua ni maneno ya watu wetu wenyewe, hata waimbaji: «Yule ni mtoto wa Muyahudi, atatuongozaje?» Siku ya Mungu tunasalimiana Shalom. Kwaya zetu zinaitwa Sayuni na Yerusalemu. Tunafundisha kwamba anayewabariki Israeli atabarikiwa. Kisha siku ya pili yake, kwenye simu, tunapokea na kutuma sauti zisizo na mwenyewe zinazosema Wayahudi ndio wameshika pesa zote za dunia. Kinywa ni kimoja. Na mimi katika ujana wangu wa kuhubiri niliwahi kusema kitu cha namna hiyo madhabahuni juu ya wabadili-pesa wa hekaluni, na watu wakaitika amina.

Wayahudi hao wa sifa na wa lawama hatujawahi kuwaona. Lakini waliishi Katanga. Nilipokuwa nasoma teolojia Lubumbashi nilikuwa napita mbele ya sinagogi yao, iliyojengwa karibu na mwaka 1930, mji ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, na sikuwahi kuuliza ilikuwa ya nani. Wengi wao walitoka kisiwa hichohicho cha Rhodes. Wazee wao walifukuzwa Hispania mwaka 1492 kwa sababu ya imani, wakapokelewa na Waturuki, na kwa zaidi ya miaka mia nne walitunza nyumbani lugha ya nchi iliyowafukuza: Ladino, Kihispania cha zamani. Umaskini wa kisiwa ndio uliowasukuma vijana wao kuja Afrika, kuuza nguo, samaki na vitu vya dukani. Ladino walisema na mama zao, Kifaransa na ofisi, Kiswahili na wateja. Rabi wao, Moïse Levy, alifika mwaka 1937 akakaa hadi 1991. Mzee mmoja wa kanisa letu, aliyefanya kazi Lubumbashi akiwa kijana, nilimuuliza kama aliwafahamu. Akasema: «Wale? Kwetu wote walikuwa Wagiriki tu. Na Kiswahili walikijua kuliko weye.»

Sasa sikilizeni habari ya karatasi. Italia iliuchukua mji wa Rhodes mwaka 1912, na mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilitoa sheria za ubaguzi: watoto Wayahudi wakafukuzwa shuleni, chuo cha marabi kikafungwa, na baadhi ya watu wakaamriwa kuondoka. Waliobaki, Wajerumani waliwakusanya, na tarehe 23 Julai 1944 wakawapakia kwenye mashua, zaidi ya watu 1,600, kuwapeleka Auschwitz. Walirudi hai karibu 150 tu. Lakini siku zile za kukusanywa alikuwako konsuli wa Uturuki kisiwani, Selahattin Ülkümen, Mwislamu. Alikwenda kwa Wajerumani akadai wale waliokuwa raia wa Uturuki waachiwe, kwa kuwa nchi yake haikuwa vitani nao. Alidai pia wake na waume zao, akisema sheria ya Uturuki humhesabu mwenzi wa raia kuwa raia. Sheria hiyo haikuwako, aliitunga pale. Watu zaidi ya arobaini waliokolewa. (Ndugu atakayeniandikia kwamba uongo ni dhambi, namwomba asome kwanza habari ya Shifra na Pua katika Kutoka, mlango wa 1.)

Ukisoma hayo, hutashangaa kwamba mtu wa familia ya Rhodes anapenda kuwa na pasipoti ya ziada kwenye sanduku. Wala hutashangaa kwamba Hispania, kwa sheria ya mwaka 2015, iliwafungulia wajukuu wa waliofukuzwa mlango wa kuomba uraia, na kwamba wengi waliomba kabla mlango haujafungwa mwaka 2019. Sisemi kwamba anayetaka kuongoza nchi asiulizwe karatasi zake. Aulizwe, na sheria ifuatwe. Lakini sisi watu wa Kalemie, tuliolala kwenye mchanga wa Kigoma tukingoja kuandikwa majina na HCR ili tupewe karte ya chakula, tunajua karatasi ni nini. Binti wa shemasi hakukula kiapo kwa kuidharau Kongo. Alikula kiapo ili mtu yeyote asimrudishe tena kambini.

Turudi kwa swali la mtoto wa nani. Kwa sheria ya dini ya Kiyahudi kama marabi walivyoishika tangu zamani, Myahudi ni yule aliyezaliwa na mama Myahudi. Baba peke yake hatoshi. Kwa hiyo yule anayeitwa mtoto wa Myahudi, kwa sheria ya Wayahudi wenyewe, si Myahudi. Na upande wa Luapula alikozaliwa, makabila mengi huhesabu ukoo kwa mama. Watabwa wa Moba nao hivyohivyo. Mjomba tuliyemwona kwenye kilio ni Mtabwa. Kwa desturi ya babu zake, binti wa dada yake ni damu ya ukoo wake kuliko watoto aliowazaa yeye mwenyewe. Alimkana kwa sheria ya serikali mtu ambaye desturi yake inamwita wa kwake, na akaiacha sheria hiyohiyo mahali inapotaja warithi.

Timotheo alikuwa upande wa pili wa jambo hili. Matendo ya Mitume mlango wa 16 unasema mama yake alikuwa Myahudi aliyeamini, na baba yake Myunani. Watu wa Listra walimshuhudia vizuri, lakini kila mtu kule alijua baba yake ni nani, na hakuwa ametahiriwa. Paulo alimtahiri. Wengi hupita hapo haraka. Mlango mmoja kabla, mitume wamekwisha kuamua kwamba mataifa wasibebeshwe tohara, na katika Wagalatia mlango wa 2 tunasoma kwamba Tito, Myunani, hakulazimishwa. Basi mbona Timotheo? Mimi naona hivi: Timotheo alikuwa tayari wa kwao kwa mama, na Paulo alimpa alama ambayo watu wa mama yake wangeitambua, ili aingie katika nyumba zao. Tito angetakiwa alama hiyo kama ada ya kukaa mezani, na hapo Paulo alikataa. Karatasi ya kufungua njia, sawa. Karatasi ya kuamua nani ni ndugu, hapana. Walimu wengine wanalieleza tofauti, na siwakatai.

Paulo mwenyewe alijua kutumia zote. Katika mlango wa 21 na wa 22 anakamatwa Yerusalemu. Jemadari anashangaa kumsikia akisema Kiyunani, kwa sababu alimdhani kuwa Mmisri fulani mwasi. Kisha Paulo anageuka, anasema na umati kwa lugha yao, na umati unazidi kunyamaza. Baadaye, kabla ya viboko, anataja uraia wake wa Kirumi, aliozaliwa nao, wakati jemadari aliununua kwa fedha nyingi. Mtu mmoja: Myahudi, mzaliwa wa Tarso, raia wa Roma, mwenye lugha zaidi ya moja. Hakuna mahali anapoona haya kwa moja akiwa anatumia nyingine.

Nilikwenda kwa mjomba wiki mbili baadaye, pamoja na wazee wawili wa kanisa. Hatukuhubiri. Tulimsomea sheria kwa Kiswahili, tukamuuliza juu ya ukoo wa dada yake. Alikaa kimya muda mrefu, akachimba chini kwa fimbo yake. Kiwanja kitaandikwa kwa jina la mdogo wake dada, aliyebaki hapa na mwenye uraia wa Kongo, na familia imeweka sahihi kwenye barua inayosema chumba cha upande wa ziwa ni cha dada kila atakapokuja. Barua hiyo haina nguvu ya hati, tuliwaambia hivyo wazi, na ofisi ya ardhi itakuwa na maneno yake.

Dada alipigiwa simu aelezwe. Alipokea akasema «Haloo, shikamoo mjomba», kwa Kiswahili chake cha Nyarugusu. Mjomba akaitika, «Marahaba, mama,» kisha akamuuliza kule Marekani kama wanapata samaki.