Faragha Ndani ya Msimbo: Tulivyojifunza Kutunza Sauti za Wanafunzi

Huenda baadhi yenu mkashangaa kuona jarida la Kiswahili likizungumzia mambo ya kompyuta. Hatujapotea njia. Idara yetu, kama idara nyingine za lugha hapa Uganda, hurekodi mitihani ya mazungumzo, na sauti hizo hatuziweki tena katika kaseti kabatini bali katika wingu, yaani kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali nasi. Mwaka 2022 mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alitujia ofisini akasema amesikiliza mtihani wa mwenzake akiwa nyumbani, bila kuulizwa neno la siri. Ghala la sauti lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye anwani yake. Msaidizi wetu alilifungua kwa juma moja ili mtahini wa nje asikilize, kisha sote tukasahau.

Hapo ndipo tulipolazimika kutofautisha siri na faragha, maneno ambayo hata darasani huchanganywa. Sauti ya mwanafunzi anayekosea upatanisho wa ngeli si siri, kwani alizungumza mbele ya watahini. Hata hivyo, ni faragha yake: ana haki ya kujua nani anaisikia na kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 imesimama juu ya maana hiyo. Inataka data za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana, zisikae kupita muda unaohitajika, na zilindwe. Zikihifadhiwa nje ya nchi, huko ziendako pawe na ulinzi usiopungua wa kwetu, au mwenyewe awe ameridhia. Kenya nayo ilitunga sheria yake mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022.

Lakini sheria iliyo kwenye jalada haimzuii mtu aliyechoka kubofya kitufe kisichofaa saa kumi na moja jioni. Dawa tuliyoonyeshwa na wenzetu wa kitivo cha kompyuta ni kuacha kujenga ghala kwa kubofya, na badala yake kuliandika. Zipo programu, mojawapo ni Terraform iliyotolewa mwaka 2014, ambazo husoma maelezo ya maandishi na kujenga kilichoelezwa. Kwa Kiswahili chepesi, maandishi yetu husema hivi: liwepo ghala la sauti, liwe Cape Town, lisiwe wazi kwa umma, vilivyomo vifungwe kwa ufunguo, sauti zifutwe baada ya siku 365. (Tunasema "kufungwa kwa ufunguo" kwa makusudi. Istilahi "usimbaji fiche" ina mzizi mmoja na "msimbo", na wanafunzi wetu waliyachanganya mara moja.)

Kikishakuwa maandishi, kinaweza kusahihishwa kama insha. Programu ya pili, kama Open Policy Agent, hupewa kanuni zilizotokana na sheria na kuupima msimbo kabla ya chochote kujengwa. Ghala lisilo na tarehe ya kufuta hukataliwa. Lililo katika nchi ambayo hatukuiorodhesha hukataliwa. Anayetaka kubadili jambo huandika badiliko, mwenzake hulisoma, na jina na tarehe hubaki. Juma lile la mtahini lingeandikwa, na lingekuwa na mwisho.

Tusidanganyane, msahihishaji huyu anajua sarufi tu, maana haijui. Hawezi kutambua kwamba ridhaa ya mwanafunzi ilichukuliwa kwa haraka mlangoni mwa chumba cha mtihani. Hawezi pia kuona mlango uliofunguliwa kwa mkono baada ya ujenzi, hivyo ni lazima hali halisi ilinganishwe na maandishi mara kwa mara. Na maandishi yenyewe yana hatari yake. Neno la siri likiandikwa ndani ya msimbo, kulifuta hakutoshi, kwa sababu kumbukumbu ya matoleo ya zamani hulihifadhi, sharti libadilishwe. Sisi tuligundua kosa dogo zaidi lakini la aibu: tulikuwa tumeyapa majalada majina kamili ya wanafunzi. Sasa tunatumia namba.

Tangu Aprili 2023 kampuni ya Amazon huyazuia maghala mapya ya huduma yake ya S3 yasiwe wazi kwa umma, isipokuwa mwenyewe aondoe kizuizi hicho. Ya zamani yalibaki jinsi wenyewe walivyoyaacha. Kwa hiyo ya kwetu tuliyapitia moja baada ya jingine, mwalimu mmoja akisoma orodha na mwingine akiandika. Ilituchukua karibu likizo nzima. Wanafunzi ambao sauti zao zilikuwa katika ghala lile tuliwaita tukawaeleza. Wawili waliomba rekodi zao zifutwe, nasi tukazifuta wakiwa wanatazama.