Sura ya Kumi na Nne

Mtoto akiambiwa azime taa alale, hujibu, "Nimalizie sura hii tu." Mwandishi wa riwaya za mfululizo anaishi kwa ombi hilo. Kuna wanaodhani siri yake ni kukata kila sura pale jambazi anapogonga mlango. Mbinu hiyo inafaa mara mbili tatu. Ya nne mtoto keshaizoea.

Mmarekani Daniel Handler, aliyejiita Lemony Snicket, alipita njia nyingine. Mfululizo wake, *A Series of Unfortunate Events*, ulitoka kati ya 1999 na 2006: vitabu 13, kila kimoja sura 13. Mtoto akifika sura ya 11 anajua mambo yanakaribia kufumuka. Mpangilio nao anaujua: mayatima watatu wa Baudelaire wanapewa mlezi mpya, Count Olaf anatokea amejibadilisha sura ili awapokonye urithi, watoto wanamtambua, watu wazima hawasadiki. Unachosha? Mimi mtu mzima, naam. Mtoto hufurahia kujua kabla ya wakubwa. Kisha, katika kitabu cha 7, Handler anauvunja: watoto wanasingiziwa mauaji, na kuanzia hapo hawana mlezi tena, ni kukimbia tu. Uvunjaji huo unashtua kwa sababu kanuni ilishikwa muda mrefu.

Ustadi ninaoupenda zaidi uko katika kitabu cha pili. Mlezi wa safari hii ni Uncle Monty, mtaalamu wa nyoka, mcheshi, mkarimu wa keki ya nazi. Mapema kabisa msimulizi anatuambia kuwa atakufa. Wahariri wengi, nami nikiwamo, tungeifuta sentensi hiyo haraka. Lakini itazame inavyofanya kazi: msomaji haulizi tena kama atakufa, anauliza lini, na kila dakika ya raha katika nyumba ile inamchoma. Hadithi imepunguza mwendo, taharuki imepanda.

Katika kitabu cha 6, watoto wanapokuwa gizani ndani ya shimo la lifti, kurasa mbili nzima zimechapwa nyeusi tii. Huna cha kusoma, unafunua tu.

Kitabu cha mwisho, *The End*, kina sura 13 kama vingine vyote. Usikifunge hapo. Funua kurasa zinazofuata: ipo ya 14.