Usingizi Haba Msimu wa Mavuno: Hasara kwa Afya na kwa Chama

Msimu wa kahawa unapofika, taa za ofisi nyingi za vyama vya msingi huwaka hadi usiku wa manane. Mchana kutwa katibu hupima kahawa na kuandika stakabadhi. Jua likishatua ndipo anapokaa kufunga hesabu. Mkulima aliyeshinda shambani akichuma hulazimika kumenya matunda yake siku hiyo hiyo, kwa kuwa yakilala huanza kuchacha na ubora hupotea. Mlinzi wa ghala hukesha, na dereva wa lori huondoka kabla ya mapambazuko. Wote hawa husifiwa kwa bidii yao, na sifa hiyo wanaistahili. Hata hivyo, liko deni moja wanalolilimbikiza ambalo haliandikwi katika leja yo yote, nalo ni deni la usingizi.

USINGIZI SI UVIVU

Wako wanaodhani kwamba saa za kulala ni saa zilizopotea. Dhana hiyo si sahihi. Mtu alalapo, mwili wake haukomi kufanya kazi. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na katika kila mzunguko mwili na ubongo hupata nafasi ya kutengeneza yaliyochakaa. Msukumo wa damu hushuka, moyo hupumzika, na ubongo huyapanga mambo yaliyojifunzwa mchana ili yakumbukwe.

Mwaka 2015 wataalamu wa usingizi wa Marekani, baada ya kupitia uchunguzi mwingi, walikubaliana kwamba mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi za usingizi kila usiku. Watoto wa miaka 6 hadi 12 huhitaji saa 9 hadi 12, na vijana wa miaka 13 hadi 18 huhitaji saa 8 hadi 10. Mtoto anayesaidia kumenya kahawa hadi usiku mwingi, kisha akasinzia darasani, hana kosa. Amenyimwa haki yake.

MADHARA KWA MWILI

Mtu anayelala saa chache kwa muda mrefu hujiweka katika hatari kubwa zaidi ya kupata shinikizo la damu, ugonjwa wa kisukari, maradhi ya moyo, unene uliozidi na huzuni ya kudumu. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Chicago lililotangazwa mwaka 1999, vijana 11 wenye afya njema walilazwa saa 4 tu kwa usiku 6. Katika muda huo mfupi miili yao ilipungukiwa na uwezo wa kuitumia sukari, kwa namna inayofanana na dalili za mwanzo za kisukari.

Nguvu ya mwili ya kupambana na maradhi nayo hupungua. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watu 164 waliokubali kutiwa vijidudu vya mafua puani. Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 walikuwa na uwezekano wa kuugua zaidi ya mara 4 kuliko waliolala zaidi ya saa 7.

Zaidi ya hayo, asiyelala hukasirika upesi na huona kila neno ni matusi. Baadhi ya magomvi ya mikutanoni huenda yasingezuka kama wasemaji wangekuwa wamelala vizuri usiku uliotangulia.

MADHARA KWA KAZI YA CHAMA

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hupungukiwa na umakini sawa na mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Katibu aliyeamka saa 11 alfajiri hufikia kiwango hicho ifikapo saa 4 usiku. Hakuna kamati itakayokubali mlevi ashike daftari la fedha; lakini katibu aliyechoka huachiwa daftari hilo hilo usiku huo huo, tena kwa pongezi.

Makosa ya uchovu yana sura yake. Lililo la kawaida ni kugeuza tarakimu: kilo 63 zikaandikwa 36, na mwanachama akapoteza kilo 27 za jasho lake, au shilingi 5,400 zikaandikwa 4,500. Makosa ya namna hii yana alama: tofauti yake hugawanyika kwa 9 bila kubaki kitu. Kwa hiyo hesabu zisipolingana, na tofauti ikagawanyika kwa 9, inafaa kwanza zitafutwe tarakimu zilizogeuzwa kabla ya kumshuku mtu. Wizi ni wizi, na usingizi haba hauwezi kuwa kinga ya mwizi. Lakini ni dhuluma pia mtu mwaminifu kupoteza jina lake kwa tarakimu mbili alizozigeuza akisinzia.

Kwa dereva hatari ni kubwa zaidi. Lori linalokwenda kilometa 60 kwa saa hupita mita 50 katika sekunde 3. Macho yakifumba kwa muda huo tu, mtaro au mpita njia amekwisha fikiwa.

MWENYE DENI HALIONI

Jambo la kuzingatiwa zaidi ya yote ni hili. Katika jaribio lililotangazwa Marekani mwaka 2003, watu waliolala saa 6 kila usiku kwa majuma 2 walizidi kupungukiwa na umakini siku hadi siku, hata wakafanana na watu waliokesha usiku mzima. Lakini wao wenyewe walidhani wamechoka kidogo tu. Kumbe asiyelala si shahidi mwema wa hali yake. Kauli ya “mimi nimezoea” haiwezi kutegemewa, na ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa katibu au dereva peke yake. Ni wajibu wa kamati ya chama.

MAMBO YA KUFANYA

1. Kamati ipange saa ya kufunga mizani, ili fedha zihesabiwe na stakabadhi zijumlishwe kabla ya giza. Zikibaki hesabu, fedha zifungiwe na hesabu ziendelezwe asubuhi.

2. Fedha zihesabiwe na watu wawili, na kila mmoja asome tarakimu kwa sauti.

3. Mlinzi wa usiku apewe siku zake za kupumzika, wala asiitwe mikutanoni katika saa zake za kulala. Usingizi wa mchana ni mwepesi. Apate chumba chenye giza na utulivu.

4. Dereva akisinzia asimamishe gari mahali pa salama, alale dakika 20. Kufungua dirisha au kuimba hakuondoi usingizi.

5. Kahawa, ingawa ndiyo mali yetu, isinywewe jioni. Baada ya saa 5 hivi, nusu ya nguvu yake ingali mwilini. Pombe nayo humlaza mtu upesi, kisha humkatiza usingizi usiku. Simu iwekwe mbali na kitanda.

6. Chandarua kitumike kila usiku. Huzuia malaria, na hupunguza usumbufu wa mbu.

7. Anayekosa usingizi mara 3 au zaidi kwa juma kwa muda wa miezi 3, au anayekoroma na kukabwa pumzi usingizini, aende hospitali. Vivyo hivyo anayelala mchana na kukesha usiku bila sababu, hasa akiwa anatoka penye mbung’o. Hiyo huweza kuwa dalili ya malale.

Chama hupima kahawa kwa mizani iliyokaguliwa, kwa kuwa mizani mbovu humdhulumu mkulima. Akili ya anayeisoma mizani hiyo nayo yastahili uangalizi ule ule. Basi kila kamati, inapoandaa magunia, stakabadhi na fedha za msimu ujao, iandae pia ratiba itakayowapa watumishi wake nafasi ya kulala.