Simba na Yanga zikicheza, nani anamfundisha mtoto kushindwa?



Kuna mchezo mmoja wa mpira unaochezwa mbali, ngʼambo ya Ziwa Tanganyika, lakini kelele zake zinafika mpaka Kasongo na Kabambare. Ni mchezo wa Ngao ya Jamii wa Tanzania. Siku Simba na Yanga zinapogombania ngao hiyo, vijana wanatafuta pa kuchaji simu tangu asubuhi, na radio moja inazungukwa na kartie nzima. Kesho yake darasani naona matokeo yake: wengine wanaimba, wengine wamenuna, na wawili waliokuwa wanakaa bao moja hawataki tena kukaa pamoja.

Kwanza tuelewe mchezo wenyewe. Ngao ya Jamii ndiyo inafungua msimu. Kwa kawaida bingwa wa ligi anakutana na aliyechukua kombe. Sisi huku tunaita Super Coupe. Hakuna mchezo wa marudiano. Atakayefungwa siku hiyo amefungwa, na mji mzima unajua.

Na mji ni mmoja. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, zote mbili Dar es Salaam, kule Kariakoo. Yanga wanavaa njano na kijani, Simba wanavaa nyekundu na nyeupe. Ndani ya nyumba moja unaweza kukuta baba ni wa Simba na mama ni wa Yanga. Watanzania wanaziita timu hizi watani wa jadi. Neno hili tulishike vizuri. Mtani si adui. Mtani ni mtu unayemcheka naye anakucheka, kama mjukuu na babu yake, na jioni mnakula sahani moja.

Sisi Wakongomani tuna sababu ya kuufuata mchezo huu. Mwaka 2021 Yanga ilishinda 1-0, na goli lilifungwa na Fiston Mayele, mtoto wa Kongo aliyetoka AS Vita Club ya Kinshasa. Mwaka 2022 Simba ilitangulia kufunga, kisha Mayele huyohuyo akafunga mara mbili, na mchezo ukaisha 2-1.

Lakini mwaka 2023, kule Tanga, mambo yaligeuka. Dakika 90 ziliisha 0-0, wakapiga penati. Golikipa wa Simba, Ally Salim, alizuia penati tatu na Simba ikachukua ngao. Mwaka huo Yanga ilikuwa imempata mchezaji mpya kutoka mkoa wetu: Maxi Nzengeli, aliyekuwa AS Maniema Union ya Kindu. Fikiria kijana aliyehama kwao, anafika ugenini, na msimu unafunguliwa kwa timu yake kushindwa na watani.

Hakufunga mizigo kurudi. Tarehe 8 Agosti 2024 timu hizo zilikutana tena, safari hii katika nusu fainali ya Ngao, na Yanga ikashinda 1-0. Aliyefunga ni Maxi. Siku tatu baadaye Yanga ikaifunga Azam 4-1 na kuchukua ngao. Mwaka 2025 ikashinda Simba 1-0 tena. Simba nayo haikufunga milango. Inajipanga kwa msimu mwingine.

Wahenga walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Mtoto hawezi kulijua neno hili kwa kulisikia tu. Analiona nyumbani. Baba akisukuma sahani ya ugali kwa sababu timu yake imefungwa, mtoto anajifunza kwamba kushindwa ni matusi. Mama akimwambia aliyefungwa, "Nyamaza, wewe na timu yako ya bure," mtoto anajifunza kwamba mshindi ana ruhusa ya kuumiza. Halafu mtoto huyohuyo anapata 4 kwa 10 katika hesabu, anaficha karatasi, au anakataa kurudi masomoni. Kwangu mimi mwalimu, mtoto mgumu kusaidia si yule aliyeshindwa mtihani. Ni yule ambaye hakufundishwa kwamba mtu anaweza kushindwa leo na kesho akajaribu tena.

Kwa hiyo, wamama, siku ya mchezo tufanye haya.

Mtoto akilia, tumwache alie kidogo, kisha tumuulize: timu yako ilikosea wapi? Wewe ungefanya nini? Hapo machozi yanageuka kuwa akili.

Utani uwe na mpaka. Kucheka timu ni sawa. Kucheka kabila la mtu, umaskini wake au mwili wake, hapana. Sisi tuliokwisha kuona vita tunajua maneno ya namna hiyo yanaanzia wapi.

Feza za nyumba zisiingie katika pari. Kijana aliyeweka feza za minerval juu ya Simba au Yanga hatazami tena mchezo, anatazama deni. Na akishindwa, anaweka tena ili azirudishe. Tuongee naye kabla ya siku ya mchezo, si baada.

Na wasichana nao wasikilize, wabishane, wacheze. Mwaka 2024 wasichana wa TP Mazembe ya Lubumbashi ndio walichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake. Mpira si wa kaka zao peke yao.

Mwisho, naomba kila kikundi kijaribu jambo moja dogo. Usiku wa mchezo, yule ambaye timu yake imefungwa apakuliwe chakula wa kwanza, na apakuliwe na yule aliyeshinda.