Utangulizi: Kuusoma Ushanga wa Kimasai

Ukitoka Karatu kupanda Ngorongoro, utakutana na kinamama wa Kimasai waliovaa vidani bapa vya ushanga. Ili uanze kuielewa sanaa yao huhitaji kujua Kimaa wala kushona. Macho yenye subira yanatosha.

Tuanze na ushanga wenyewe: kipande kidogo cha kioo chenye tundu. Kabla yake, mapambo yalitokana na mbegu, mifupa, na chuma kilichofuliwa na Ilkunono, yaani wahunzi wa Kimasai. Katika karne ya 19, misafara kutoka Pangani na Mombasa ilileta ushanga na waya, ikarudi na pembe za ndovu. Ushanga mwingi ulitoka Venice, ambako tanuri za kioo zilihamishiwa kisiwa cha Murano mwaka 1291. Baadaye ushanga wa Bohemia, katika Cheki ya leo, ulitamalaki.

Sasa umbo. Huenda unajiuliza: kidani kipana hivyo mbona hakilegei? Mama hutunga ushanga kwenye waya, mzingo baada ya mzingo. Kila baada ya hatua kadhaa waya hupenya kitenganishi, yaani kipande chembamba cha ngozi, au siku hizi plastiki, chenye safu ya matundu. Kila waya una tundu lake, hivyo mizingo haipandiani.

Rangi ndipo wageni wengi hupotea. Umeambiwa nyekundu ni ushujaa, nyeupe ni maziwa, buluu ni mbingu. Maelezo hayo yapo, ila usiyageuze kamusi. Jicho la mtungaji hutazama kwanza ujirani wa rangi: nyekundu kando ya kijani, buluu kando ya rangi ya chungwa. Kisha huja mkato, yaani sehemu nyembamba, aghalabu nyeupe au nyeusi, inayotenga kundi moja na jingine. Mpangilio hutofautiana kati ya olosho moja na nyingine, yaani matawi ya Wamasai kama Ilkisongo na Ilpurko, na mitindo hubadilika kadiri marika yanavyopokezana.

Basi chagua mzingo mmoja wa kidani, ufuate rangi zake hadi zianze kujirudia, kisha utafute mikato. Hapo utakuwa tayari kumuuliza mama aliyekitunga swali la maana: kwa nini hapa kijani, si buluu?