Picha ya Instagram, Kitenge Chako

Likizoni dada yangu alimpelekea fundi doti ya kitenge pamoja na picha ya gauni aliloliona Instagram. Fundi akakataa kulishona vile. La pichani lilikuwa la shifoni, kitambaa chepesi kinachoteleza mwilini. Kitenge cha pamba hukakamaa, na mikunjo ile ingemfanya aonekane amejifunga shuka. Akachukua shingo na mikono tu ya mshono ule, sketi akaikata nyoofu. Likampendeza kuliko la pichani.

Bila kujua, fundi alikuwa anamfafanua Mtakatifu Thoma wa Akwino. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 169, Thoma anasema kosa haliko katika vazi lenyewe bali kwa mtu anayelitumia bila kiasi. Anataka tuangalie desturi za tunaoishi nao na hali ya mvaaji.

Mtandao haujui hayo. Ukipenda picha moja, unakuletea nyingine zinazofanana nayo, mpaka udhani dunia nzima inavaa hivyo. Basi zihifadhi, ziache wiki mbili, kisha uzitazame upya. Kinachojirudia, iwe rangi au aina ya kola, ndicho cha kumpelekea fundi.

Nasi waseminari tusijione tumepona. Thoma anataja pia kosa la kutojijali, na la anayejivunia uchakavu wa nguo zake. Nilikuwa na shati la namna hiyo. Dada amelifanya tambara la kudekia.